"Sasa" ni saa ngapi?

Frateri yeyote wa falsafa hapa nchini, akishafika kwenye somo la falsafa ya Kiafrika, hukabidhiwa sentensi moja ambayo huenda nayo mpaka siku ya upadrisho, na baada ya hapo huitumia kwenye mahubiri: Mwafrika hana wakati ujao. Ana zamani ndefu, ana sasa, na huko mbele hakuna kitu. Chanzo chake ni John Mbiti, Mkamba wa Kenya, kasisi wa Kianglikana aliyefundisha Makerere, katika kitabu chake cha mwaka 1969 kuhusu dini na falsafa za Kiafrika. Kwa ufupi anasema hivi: kwa Mwafrika wa jadi, wakati ni matukio. Yaliyotokea yapo, yanayotokea yapo, na yale ambayo hayajatokea hayajawa wakati bado, isipokuwa yale yanayofuata mwendo wa kawaida kama mvua na mavuno. Nyakati hizo mbili alizipa majina ya Kiswahili, Sasa na Zamani, kwa herufi kubwa. Sasa yake hubeba pia kipande kidogo cha mbele, miezi sita, na ikizidi sana miaka miwili. Kisha kila kitu hurudi nyuma, hutoka katika Sasa na kuzama katika Zamani.

Ni hoja nzito, na Mbiti hakuwa mtu wa mzaha. Kinachonishangaza ni kwamba majedwali ya vitenzi aliyoyaweka kitabuni ni ya Kikamba na Kikikuyu, lakini majina aliazima kutoka Kiswahili. Na sisi tunaosoma kitabu hicho huku Kigoma, tunaosema sasa mara mia kwa siku, hatujakaa chini kuliuliza neno lenyewe limetoka wapi na limefanya kazi gani. Naomba msomaji tuliulize pamoja, kwa sababu naona majibu yake yanagusa watu walio hai, sio mtihani wa mwisho wa muhula peke yake.

Sasa haikuzaliwa ziwani. Wanaofuatilia asili ya maneno huliunganisha na neno la Kiarabu la saa, likiwa na kiambishi chake mbele, as-saa, yaani saa hii tuliyo nayo. Kwa hiyo saa na sasa ni ndugu wa tumbo moja. Hata zamani ni Kiarabu. Huko kwao ina maana ya wakati tu, wowote ule. Majina yote mawili ya wakati wa Kiafrika yanayofundishwa vyuoni yalivuka bahari kwanza. Sisemi hivyo kumcheka marehemu. Neno likishakaa nyumbani kwako karne kadhaa na kulea watoto wako, ni lako, na anayetaka kulirudisha lilikotoka atapata tabu kulipata. Ila inafaa kujua lilifika likiwa limebeba nini. Saa ya Kiarabu cha kale haikuwa dakika sitini. Ilikuwa kitambo, kipande cha siku. Na katika Kurani Tukufu Saa ina maana nzito kuliko zote: ni Kiyama. Majirani zetu Waislamu wa Ujiji wanalijua hilo tangu madrasa.

Ujiji ililipokea neno hili kwa miguu. Msafara uliotoka Bagamoyo ulichukua miezi mitatu na kuendelea kufika ziwani, na vita au mvua zikiingilia kati, miezi saba au minane. Mapadre Weupe wa kwanza waliondoka pwani katikati ya mwaka 1878, wakaingia Ujiji Januari 1879. Stanley alipomfikia Livingstone mwaka 1871 alimkabidhi mfuko wa barua uliotoka Zanzibar Novemba 1870. Kila sasa iliyoandikwa ndani ya barua hizo ilikuwa na umri wa mwaka mzima au zaidi siku iliposomwa. Na siku yenyewe waliyokutana watu hawa wawili haina makubaliano. Stanley aliandika 10 Novemba. Shajara ya Livingstone inaiweka mwishoni mwa Oktoba, maana mzee alikuwa amepotewa na hesabu ya siku huko Manyema. Waislamu wa Ujiji hawakuwa na shida hiyo. Walitazama juu. Mwezi wa Ramadhani ulikuwa karibu kuandama, na ulipoandama katikati ya Novemba kila mtu mjini alijua yuko wapi katika mwaka. Tumezoea kuambiwa kwamba mgeni ndiye aliyekuja na wakati mkononi. Mwaka ule, Ujiji, mambo yalikuwa kinyume.

Saa ya mashine ilikuja kwa nguvu na reli, iliyofika Kigoma mwaka 1914. Treni haina kitambo, ina dakika. (Naam, kwenye ratiba.) Baadaye ikaja saa ya serikali, ambayo kwetu sisi wa magharibi ina kichekesho chake. Tanzania nzima inafuata majira ya longitudo ya nyuzi 45 mashariki, mstari unaopita baharini, mbali hata na Dar es Salaam. Kigoma iko kwenye nyuzi 29 na nusu hivi. Jua hutumia dakika nne kwa kila uzi mmoja, kwa hiyo hutufikia likiwa limechelewa takriban saa nzima. Hesabu ya Kiswahili inasema jua likichomoza ni saa kumi na mbili, likiwa utosini ni saa sita. Kigoma jua huchomoza karibu saa moja, na hufika katikati ya anga karibu saa saba. Misa ya saa kumi na mbili asubuhi kwetu ni Misa ya gizani. Waamini huja wakimulika njia kwa tochi za simu.

Ng'ambo ya ziwa, Kalemie na Uvira, saa iko nyuma yetu kwa saa moja. Burundi vilevile, Zambia vilevile. Ziwa moja, nchi nne, na sisi peke yetu tuko mbele. Mfanyabiashara wa Kibirizi akimpigia simu mwenzake wa Kalemie na kumwambia mzigo unapakiwa sasa, wanaelewana bila taabu. Akimwambia boti inaondoka saa mbili, lazima aulizwe: ya kwenu au ya kwetu? Hapo ndipo wale ndugu wawili walipoachana. Saa ilichukuliwa na mafundi na serikali, ikapimwa, ikafungwa kwenye kifundo cha mkono. Sasa ilibaki na watu, na ikabaki na upana wake wa zamani.

Upana huo ndio unaotutatiza darasani. Aristotle, katika kitabu cha nne cha Fizikia, anaichukulia sasa kuwa mpaka kati ya yaliyopita na yajayo, kitu kisicho na urefu, kama nukta kwenye mstari. Mtakatifu Augustino, katika kitabu cha kumi na moja cha Maungamo, anaiminya sasa hiyo mpaka anakuta haina mahali pa kusimama, ndipo anapouhamishia wakati rohoni: kumbukumbu kwa yaliyopita, uangalifu kwa yaliyopo, matarajio kwa yajayo. Tunayasoma haya kwa Kiingereza, na neno lao la now linavumilia kuminywa namna hiyo. Sasa ya Kiswahili haivumilii. Ukitaka nukta, Kiswahili kina papo hapo. Sasa ni chumba. Mama akisema sasa ni kilimo, anazungumzia wiki kadhaa. Mvuvi wa dagaa akisema sasa ni giza, ana maana ya usiku wote ule ambao mwezi haupo na taa za mitumbwi zinavuta samaki. Akisema sasa ni mbalamwezi, ana maana nyavu zimeanikwa na watu wamelala majumbani mwao.

Tena chumba hicho kina milango miwili. Angalia sasa hivi. Katekista ametoka sasa hivi: amekwisha kuondoka. Katekista anakuja sasa hivi: bado hajafika. Neno ni lile lile, linatazama nyuma na linatazama mbele, na msikilizaji anaamua kwa kitenzi. Kirundi na Kinyarwanda, ndugu wa Kiha, wamefanya jambo hilo hilo kwa siku nzima: ejo ni jana, na ejo ni kesho. Mnyarwanda akitaka kutenganisha husema ejo hashize, pale palipokwisha, na ejo hazaza, pale patakapokuja. Tazama kile kiambishi cha mahali. Padre Alexis Kagame wa Rwanda, aliyechapisha falsafa ya lugha yake mwaka 1956, alikitazama kwa makini akahitimisha kwamba mahali na wakati ni kundi moja la vilivyopo, hantu. Kiswahili kinamuunga mkono bila kuombwa: hapo zamani, hapo baadaye, papo hapo.

Ningependa Kagame asomwe kabla ya Mbiti. Ukianza na Mbiti, wakati ni njia iliyokatwa mbele, na unachobaki nacho ni kubishana imekatwa hatua ya ngapi. Ukianza na Kagame, wakati ni mahali, na mahali mtu anaweza kugeuka akatazama kila upande.

Na huo wakati ujao? Kwame Gyekye wa Ghana alimjibu Mbiti mwaka 1987 kwa ushahidi wa Waakan, kwamba wao wanalo neno la wakati ujao na wanalitumia. Kwetu jibu liko karibu zaidi. Kiswahili kina kesho, kina kesho kutwa, kina mtondo, kina mtondogoo. Lugha isiyo na mbele ingeipa jina siku ya nne kutoka leo ya nini? Mtetezi wa Mbiti atasema siku nne zimo ndani ya miaka yake miwili. Sawa, basi twende shambani. Mchikichi, hasa ule wa kienyeji, hauzai mwaka wa kwanza wala wa pili. Unasubiriwa miaka mitatu, minne na zaidi, kisha unavunwa miaka ishirini na kuendelea. Bibi wa Mwandiga au Simbo anayechimba shimo la mche anachimba nje kabisa ya mpaka wa Mbiti, na mara nyingi anajua kwamba mawese mengi yatapikiwa na wajukuu. Wala hakufundishwa hayo na wamisionari. Burton na Speke walipofika Ujiji Februari 1858, miaka ishirini na mmoja kabla ya Mapadre Weupe, walikuta mawese yanauzwa sokoni. Mtu alikuwa amepanda.

Kwa hiyo siamini kwamba lugha zetu zina upungufu wa mbele. Kasoro ninayoiona ni nyingine, na imeingia kwenye neno sasa baada ya kitabu cha Mbiti. Simaanishi matumizi ya vijana. Kule Kenya sasa imekuwa salamu kamili, inaulizwa na kujibiwa poa, na hakuna aliyeumia. Simaanishi pia sasa ya mhubiri, ile ya kuvutia pumzi kati ya hoja na hoja, ingawa nimewahi kuhesabu kumi na tisa katika homilia moja. Namaanisha kwa sasa.

Kwa sasa mtandao haupo. Kwa sasa dawa hazijafika. Kwa sasa mhusika ametoka. Ni maneno yenye adabu ya ofisini. Hayakatai mtu. Yanadokeza kwamba baadaye mambo yatakuwa vingine, bila kusema lini, na aliyeyasema hadaiwi kitu. Yule mwenye shida ndiye anayebeba baadaye yote kichwani, na nauli ya kurudi kesho.

Linganisha na jambo lililotokea ziwani. Mwaka 2024 serikali ilifunga uvuvi katika Ziwa Tanganyika kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, ili samaki wazaliane. Ilikuwa miezi migumu, na malalamiko yalikuwa na haki yake: ziwa ndilo shamba la watu wa mwambao. Lakini tangazo lilikuwa na tarehe mbili. Aliyetaka kushona nyavu alijua ana siku tisini na kidogo. Aliyekopa alijua ataanza kulipa lini. Ilikuwa sasa chungu yenye mlango wa kutokea, na mtu angeweza kuipanga, kuibishia, hata kuihesabu kwa kuchora vijiti ukutani.

Halafu panda gari uende Kasulu. Nyarugusu ilifunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya Wakongo waliovuka ziwa wakikimbia vita, na baadaye ikapokea Warundi pia. Kambi kwa asili yake ni jambo la kwa sasa: hema, mgawo wa chakula, kibali cha kutoka. Leo wapo waliozaliwa humo wenye umri kunizidi, nami nina miaka 25, na wana watoto wao. Hakuna aliyewahi kuwaandikia tarehe ya pili. Kabla yao walikuwepo Warundi wa mwaka 1972, waliopelekwa Katumba, Mishamo na Ulyankulu. Nchi yetu ilifanya jambo la heshima mwaka 2014 ilipowapa uraia zaidi ya 160,000 miongoni mwao, na nadhani hatulisemi vya kutosha. Lakini hesabu inabaki: miaka arobaini na miwili walikuwa hapa kwa sasa. Mtoto aliyebebwa mgongoni kuvuka mpaka alipata uraia akiwa na wajukuu. Ukitaka kumwona mtu ambaye mbele yake imekatwa, usimtafute kwenye vitenzi vya Kikamba. Kuna mahali ambapo mbele hukatwa na watu wengine, kwa karatasi, na lugha ya aliyekatiwa haina hatia.

Nasi wa Kanisa hatuwezi kuyasema haya tukinyoosha kidole upande mmoja. Tunalo neno hili midomoni kuliko ofisi yoyote. Mwisho wa Salamu Maria tunamwomba Mama wa Mungu kwa ajili ya nyakati mbili tu, ya sasa na ya kufa kwetu, na ya pili tunaiita saa. Anayesali rozari ya matendo matano hupita kwenye jozi hiyo mara 53. Kilatini kina maneno mawili yasiyo na undugu, nunc na hora. Kiswahili, bila aliyetafsiri kukusudia, kimewakutanisha wale ndugu wawili: sasa na saa, neno moja lililogawanyika njiani. Na iko siku kwa kila mmoja wetu ambapo yatakuwa neno moja tena, kama yalivyokuwa yalipopanda jahazi. Ombi hilo halina kwa sasa. Halina hata baadaye.

Likizo moja nilitumwa utume kwenye kigango kilicho mbali kidogo kandokando ya ziwa, mahali pa kufikika kwa boti. Mzee mmoja wa jumuiya alikuwa amezidiwa, na familia ilituma ujumbe parokiani ikiomba Mpako wa Wagonjwa. Jibu likaja: padre anakuja sasa hivi. Ziwa lilikuwa limechafuka, boti haikutoka, na kila aliyeuliza aliambiwa maneno yale yale. Binti yake aliwasha na kuzima taa ya nje usiku kucha. Padre alifika siku ya pili mchana, akamkuta mzee ana fahamu, akampaka mafuta, na mzee alifariki siku mbili baadaye. Hakuna aliyekosa uaminifu hapo. Upepo ni upepo. Lakini yule binti, wakati tunashusha vitu kwenye boti ya kurudi, alisema jambo ambalo sikulijibu: "Mngesema kesho, frateri, tungejua cha kumwambia baba. Yeye alikuwa anauliza kila saa, na sisi tunamwambia sasa hivi."

Alikuwa anauliza kila saa. Mlango wa mbele wa sasa hivi ulikuwa umeachwa wazi usiku mzima, na mgonjwa ndiye aliyekuwa anatazama nje.

Sidhani kwamba dawa ni kuifanya sasa iwe nukta ya Aristotle. Tukifanya hivyo tutapoteza chumba kile ambacho kilimo, giza la wavuvi na ugonjwa wa jirani vinaweza kuingia vyote kwa pamoja, na watu wa mwambao huu hawawezi kuishi ndani ya nukta. Sitaki pia tumtupe Mbiti. Alituonyesha kwamba neno dogo la kila siku linaweza kubeba mzigo wa falsafa, na hilo halikuwa dogo mwaka 1969. Ninachotaka ni kidogo zaidi. Nimewaambia wenzangu wa bweni kuhusu ubao wetu wa matangazo, ambao kwa miezi sasa umejaa kwa sasa: kwa sasa maktaba inafungwa mapema, kwa sasa pampu haifanyi kazi, kwa sasa hakuna mpira jioni. Kila anayeandika kwa sasa aandike na tarehe chini yake, hata kama ni ya kukisia, na siku hiyo ikifika arudi aifute au aandike nyingine. Mmoja ameuliza ikiwa tarehe ya kukisia si uongo, na tumebishana hilo mpaka kengele ya Masifu. Mwishoni wamekubali. Tunaanza mtondogoo.